Mfuko Usiotoa Ahadi

Mfuko wetu wa dhamana una sheria moja ambayo Mama Odessa Crume aliiweka mwenyewe, na hakuna aliyeipigia kura. Aliye jela haambiwi kitu mpaka hela ya dhamana yake iwe imepokelewa kwenye dirisha la karani mahakamani na risiti imetoka. Wakili wake haambiwi. Mke wake akijua, anafunga mdomo.

Sheria hiyo ilikuja baada ya Jolene Mabry. Jolene tulimwambia kwamba kesho anatoka. Akagawa sabuni yake na soksi zake kwa wenzake, akasuka nywele, akakaa kitandani akingoja jina lake liitwe. Kesho yake mtu mmoja aliyekuwa nje kwa hela yetu hakufika mahakamani, hakimu akaitwaa hela yote ambayo ingemtoa Jolene, naye akabaki ndani mpaka theluji ikayeyuka. Hakuna aliyemrudishia soksi. Alipotoka nilimpokea mimi mlango wa nyuma wa jela. Mpaka leo akiniona dukani anageukia rafu nyingine.

"Ahadi ni deni," Mama Odessa alisema wakati ule, "na madeni tunayo ya kutosha."

Hapa Wisconsin hakuna wale wenye maduka ya kukukopesha dhamana kama majimbo mengine. Hakimu akitaja kiasi, ama unacho chote taslimu ama unakaa. Ndiyo maana mfuko ukaanzishwa, chini ya kanisa letu, kwa hela ya samaki wa kukaanga na kabichi tunavyouza kanisani kila Ijumaa na michango ya wazee wenye pensheni ya kiwanda cha chuma. Tunamlipia mtu, anatoka, anarudi mahakamani kila anapoitwa. Kesi ikiisha kaunti inaturudishia, tunamlipia mwingine. Hela ni ileile, inazunguka kama ndoo moja ya maji kwenye nyumba ya watoto wengi. Ikikwama kwa mmoja, wengine wanakaa na kiu.

Tulishajaribu pia kuubadili mpango mzima wa dhamana. Mama Odessa ameongea kwenye baraza la kaunti mpaka wameizoea sauti yake, wanamwita kwa jina, wanamletea kiti. Kisha jimbo likapiga kura, na watu wakachagua dhamana iwe ngumu zaidi. Tukarudi kukata kabichi.

Mimi kazi yangu ni kuvuta magari yaliyoharibika. Siku nisizokuwa zamu nauendeshea mfuko. Nawapeleka watu mahakamani, nawapokea wanaotoka, na kwenye kisanduku cha gari naweka kamba za viatu, kwa sababu jela inawanyang'anya kamba wanapoingia na mara nyingi hairudishi.

Alonzo Birdsong alikuwa mtu wa boila, ule mtambo wa kupasha jengo joto, katika shule moja ya upande wa kusini. Alianza pale kijana, sasa kichwa kimekuwa cheupe, na pensheni kamili ilikuwa imebaki miaka miwili. Msimamizi wake alimwambia ayatoe mabomba ya shaba ya zamani yaliyolala chini ya jengo, ayapeleke jalalani. Alonzo akayapakia kwenye gari lake. Getini kulikuwa na mlinzi mgeni wa kampuni mpya. Mlinzi akaona shaba, akaona mtu mweusi, akapiga simu polisi. Msimamizi mwenyewe alikuwa amekwenda Florida kwa binti yake, hapokei simu, na aliporudi karatasi za mashtaka zilikuwa zimeshatiwa sahihi. Wizi wa mali ya shule. Dhamana, dola elfu mbili.

Kwa matajiri wanaoishi kule kando ya ziwa hizo ni hela za wikendi. Kwa Alonzo na mkewe Verlene, ambao goti la Verlene lilikuwa limeshakula akiba yao yote hospitalini, ilikuwa sawa na kuambiwa wahamishe ziwa lenyewe.

Msimamizi alikuwa tayari kusimama kizimbani na kusema ukweli, kwa hiyo kesi haikuwa na miguu. Tatizo lilikuwa kazi. Shule ina utaratibu wake: ukikosa kazini muda fulani bila ruhusa, unahesabiwa umeacha kazi mwenyewe, na kulala jela si ruhusa. Kwa Alonzo muda huo ulikuwa unaisha. Asipoonekana kwenye boila Jumatatu asubuhi, basi tena.

Na ndoo yetu ilikuwa kavu.

Alhamisi mchana nilishuka ngazi za jikoni chini ya kanisa nikawakuta Mama Odessa na Verlene wakikata kabichi ya kesho. Mama Odessa alipikia watoto wa shule maisha yake yote, na bado anakata kama mtu anayesubiriwa na watoto mia nne. Verlene alikuwa amekaa, mguu mbovu ameuweka juu ya ndoo.

"Kesi ya Shanelle Broome, yule tuliyemlipia, imefutwa," nikasema. "Hundi yetu kesho asubuhi."

Mama Odessa hakuinua macho. "Alifika kwa wakati?"

"Alifika kabla ya hakimu. Nilimpitia mwenyewe. Amevaa koti la mama yake, anatetemeka kama kuku."

"Bwana asifiwe. Anayefuata kwenye foleni ni Alonzo."

Verlene akaweka kisu chini. "Kesho? Alonzo anatoka kesho?"

"Verlene, mdogo wangu. Nisikilize kwanza."

"Ananipigia leo jioni, Mama Odessa. Nimwambie nini?"

"Mwambie unampenda. Mwambie paka amekula."

"Hatuna paka."

"Basi mwambie mnahitaji paka."

Nikacheka. Verlene hakucheka. Akanigeukia mimi. "Kaka Pettaway, hundi si iko pale? Si umesema iko?"

"Nimesema kesho," nikamjibu. "Kesho na leo hawajawahi kukutana."

"Nisimwambie hata labda?"

Mama Odessa akafuta mikono kwenye aproni, akamshika bega. "Labda ndiyo ahadi yenyewe, imevaa kofia tu. Ukimpa labda, yeye anasikia ndiyo. Hatalala. Atagawa vitu vyake. Na kesho hundi ikichelewa, au dirisha likafungwa, au karani akaumwa jino, utamrudisha vipi? Ulimwona Jolene?"

"Nilimwona."

"Basi."

Nami nikaunga mkono. Nilikuwa nimeendesha gari na Jolene pembeni yangu, wao hawakuwemo. Nikamwambia Verlene avumilie usiku mmoja tu. Akachukua kisu chake akaendelea kukata, vipande vinene vinene, na Mama Odessa, ambaye huwa hanyamazii kabichi nene, akanyamaza.

Ijumaa asubuhi nilikuwa dirishani kabla halijafunguliwa. Karani wa pale ni Bi Dubiel, mama wa Kipolandi mwenye miwani ya mnyororo, anatujua wote. Akanipa hundi.

"Hela yenu hata haipati muda wa kupoa," akasema. "Nani leo?"

"Birdsong. Chukua hiyohiyo, uandike jina lake, niende zangu."

"Pettaway, usianze."

"Hundi ni yenu. Imeandikwa kaunti hapa juu. Mmeniandikia nyinyi, nawapa nyinyi."

"Dhamana ni taslimu au hundi ya benki. Hundi ya kaunti hatupokei."

"Kaunti haiiamini kaunti?"

"Mimi ningeipokea jana, baba. Si mimi niliyeandika utaratibu." Akaninong'oneza kupitia tundu la kioo. "Kimbia benki. Leo ni siku ya mshahara kule kiwandani, foleni itakuwa mpaka mlangoni."

Ilikuwa mpaka nje ya mlango. Nilisimama kwenye theluji nyuma ya wanaume wenye masizi shingoni, wanapiga soga kuhusu mpira na kuvua samaki kwenye barafu. Nilipofika mbele, binti wa benki aliigeuza hundi, akaitazama, akaenda kumwita meneja. Akaunti ya mfuko inataka sahihi mbili. Yangu na ya Mama Odessa. Kwa kawaida tunaweka hundi, tunangoja siku mbili tatu, tunatoa. Leo niliitaka hela papo hapo, kwa hiyo lazima mama mwenyewe aje.

Nikaendesha mpaka kanisani. Mama Odessa akapanda gari langu la kuvuta na unga wa kukaangia samaki viwikoni, aproni chini ya koti.

"Hili gari lako linanuka grisi," akasema.

"Na wewe unanuka sangara. Tumetoshana."

"Endesha."

Tukarudi foleni. Wale wa kiwandani walipoona mama mzee mwenye unga wakampisha, Mungu awabariki. Akatia sahihi. Meneja akamtakia siku njema. Nikamwacha Mama Odessa kwenye joto la benki anywe kahawa yao ya bure, nikavuka barabara nikikimbia, bahasha ndani ya shati. Saa sita ilikuwa bado haijafika.

"Birdsong, Alonzo," nikasema dirishani, nikaisukuma bahasha kwenye tundu.

Bi Dubiel akabonyeza mashine yake. Akasoma. Akabonyeza tena, kama mtu anayetumaini maandishi yatabadilika. Kisha akaisukuma bahasha kurudi kwangu.

"Weka hela yako mfukoni, Pettaway."

"Kwani zimepungua?"

"Hana dhamana tena. Amekiri kosa. Hakimu amemalizana naye sasa hivi, ghorofa ya pili. Anatoka mlango wa nyuma wakishampa nguo zake."

"Amekiri kosa gani?"

"Wizi mdogo. Kifungo ni siku alizokwisha kaa." Akavua miwani. "Pole."

Nilisimama pale. Nyuma yangu mtu akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

Yaliyotokea juu aliniambia wakili wa Alonzo, kijana Kessler, ambaye serikali inamlipa kuwatetea wasio na hela na anatetea wengi kuliko anavyoweza kukumbuka majina. Asubuhi ile, wakati mimi nasimama kwenye theluji, mwendesha mashtaka alimjia koridoni na bei. Alonzo akikiri wizi mdogo, siku alizokaa zinatosha, leo analala kwake. Bei ni mpaka saa sita. Baada ya hapo kesi inaahirishwa kwa majuma. Kessler alimweleza Alonzo kwamba kukiri kunaweza kumharibia kazini. Alonzo akamuuliza, "Na nisipotoka kabla ya Jumatatu?" Kessler akasema hapo kazi imekwenda kwa hakika. Alonzo akamuuliza kama kuna yeyote anayemlipia dhamana. Kessler hakuwa na habari. Alonzo akatia sahihi. Hesabu yake ilikuwa sawa, isipokuwa kuna tarakimu moja tuliyomficha.

Nilimrudisha Mama Odessa kanisani, nikamwambia njiani. Tukafika mlangoni pa kanisa. "Kamchukue Verlene," akasema. "Asimpokee peke yake." Akashuka. Aliteremka ngazi zile akishika ukuta, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

Verlene nilimwambia nje ya nyumba yao, kabla hajapanda. Alikuwa amepaka rangi ya midomo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hela mnayo?"

"Ninayo hapa."

Akapanda. Hakunitazama tena.

Mlango wa nyuma wa jela unafunguka kwenye maegesho, hakuna kibaraza wala kiti. Alonzo alitoka na nguo alizokamatwa nazo, ovaroli ya kijani yenye jina la shule kifuani, viatu vinapwaya kwa kukosa kamba. Alikuwa amekonda mashavu. Lakini alikuwa anatabasamu. Hilo sikulitegemea.

"Mmekuja na gari la kuvuta!" akapaza sauti. "Pettaway, mimi injini yangu bado inawaka, bwana!"

Akamkumbatia Verlene muda mrefu. Tukapanda wote watatu kiti kimoja cha mbele, Verlene katikati, magoti yetu yamegusana. Nikampa kamba za viatu, akainama akaanza kuzitia.

"Nimewashinda," akasema akiwa ameinama. "Walidhani nitakaa mule mpaka kazi ipotee. Nikasema hapana. Nipeni hiyo karatasi. Jumatatu alfajiri niko kwenye boila. Yule kijana wanayemweka zamu yangu hajui hata ile valvu ya nyuma, lazima uipige na kiganja kwanza. Watoto wanasoma na makoti, nina hakika." Akainuka. "Hiyo kesi ndogo nitaongea na mkuu wa shule. Ananijua. Mabomba yenyewe anajua."

Nikawasha kifuta kioo, ingawa theluji ilikuwa imekoma.

"Mbona mko kimya? Nani amekufa?"

Verlene alikuwa anatazama mikono yake.

Ningeweza kunyamaza. Angejua lini? Labda asingejua kamwe. Lakini mtu huyu ndiye aliyetia sahihi, na hakuwa mtoto.

"Alonzo," nikasema, "dhamana yako nilikuwa nayo. Ninayo sasa hivi, ndani ya shati. Nilifika dirishani ukiwa umeshakiri."

Akacheka kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa utani. "Umeipata wapi, asubuhi hii?"

"Tuliijua tangu jana mchana."

"Mliijua nani?"

Nikataka kusema mimi. Verlene akaniwahi.

"Mimi pia," akasema.

Tulipita kiwanda cha chuma, tukapita daraja. Alonzo alikuwa ameshika kamba moja ya kiatu, hajaitia.

"Jana jioni nilikupigia," akamwambia mkewe, taratibu. "Ukaniambia habari za paka."

"Walisema nisikwambie."

"Ukaniuliza kama nataka paka, Verlene. Nikalala usiku kucha najiuliza mke wangu ana nini. Nikadhani umechoka na mimi. Nikasema lazima nitoke kesho kwa namna yoyote."

Verlene akaanza kulia bila sauti, bega lake likinigonga. Alonzo hakumgusa. Hakunitukana mimi pia, na ningependa angenitukana. Nilipowafikisha alishuka na kiatu kimoja kikiwa hakina kamba, akamshikia mkewe mlango kwa sababu ya goti lake, akaufunga.

Hela ile nilirudi nayo dirishani mchana uleule. Ilimtoa mama mmoja anayefua nguo hospitalini. Bi Dubiel alipiga muhuri bila kusema utani wowote. Jioni watu wakala samaki na mkate mweusi, wakasema kabichi ya wiki hii ni nene.

Jumatatu Alonzo alifika kwenye boila kabla ya mtu yeyote. Aliipiga ile valvu na kiganja, joto likapanda. Saa tatu walimwita ofisini. Mkuu wa shule alilia, nasikia. Alisema mabomba anayajua na moyo wake unamjua Alonzo, lakini mtu aliyekiri mahakamani kuiibia shule hawezi kushika funguo za shule. Hayo ni ya wakubwa wa wilaya, si yake. Angekuwa na kesi tu, hajahukumiwa, angefanya kazi mpaka kesi iamuliwe. Pensheni watampa ile ya kukatwa. Alonzo akaweka lile tita la funguo mezani, akavua ovaroli palepale, akarudi nyumbani na fulana na koti.

Kessler alisema kuufuta ukiri baada ya hukumu ni kama kurudisha dawa ya meno ndani ya tyubu. Ataandika barua. Alisema hivyo akitazama saa.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tunakata kabichi, Mama Odessa na mimi. Yeye kwa wiki nzima hakuwa ameitaja ile sheria. Tukasikia viatu kwenye ngazi, vya mtu mzito na vya mtu anayechechemea. Alonzo akatokea. Verlene nyuma yake, na kisu chake mwenyewe kimefungwa kwenye taulo.

"Mama Odessa," Alonzo akasema. "Shikamoo yangu utaipata. Kwanza nina neno."

"Kaa, mwanangu."

"Nitasimama. Kukaa nimekaa sana." Akashika mgongo wa kiti. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Kwa sababu ya Jolene Mabry."

"Mimi si Jolene."

"Kila mmoja ni Jolene mule ndani. Unadhani napenda kuwaficha watu? Nikimwambia mtu anatoka, halafu asitoke..."

"Jolene mlimpa ndiyo," Alonzo akamkata, na hakuna anayemkata Mama Odessa kwenye chumba kile. "Mlimpa ndiyo wakati mlikuwa na labda. Hapo ndipo mlipokosea. Mimi mngenipa labda, ningeitunza kama labda."

"Labda inaua mtu polepole."

"Mama, nimeishi na boila tangu sijaota ndevu. Boila ni labda tupu. Unatazama kipimo, unashika spana, unangoja. Mtu mzima anaweza kubeba labda. Kitu asichoweza kubeba ni kudhani hakuna mtu."

Mama Odessa akaweka kisu chini.

"Na huyu," Alonzo akaendelea, akamwonyesha Verlene kwa kidevu, "mlimfanya anidanganye. Tumelala tukitazamana migongo. Leo ndiyo siku ya kwanza amenicheka."

"Nilimcheka kwa sababu ameleta paka," Verlene akasema. "Mbaya, sijapata kuona. Ana jicho moja."

Mama Odessa akalisukuma bonge la kabichi upande ule wa meza.

"Kata nyembamba," akamwambia Alonzo. "Mkeo anakata kama mbao za paa."

Alonzo akakaa. Akachukua kisu cha mkewe akaanza kukata. Sikuona kama amesamehe. Niliona tu kwamba Alhamisi yake ilikuwa haina pa kwenda.

Mama Odessa aliponyanyuka kuosha mikono akaniita kwa kichwa. "Nani anafuata?"

"Dale Wojcik. Fundi wa kuezeka paa. Ndoo kavu mpaka Jumanne, kesi ya yule Rayford Oakes tuliyemlipia ikiisha."

"Na yeye wanamtaka akiri?"

"Jumatatu."

Alisugua mikono kama inanuka kitu. "Mwambie basi," akasema. "Mwambie kama ilivyo. Usiongeze chumvi, Pettaway, nakujua."

Ukimtembelea mtu jela siku hizi huonani naye ana kwa ana. Unakaa ukumbini mbele ya skrini, naye yuko juu mbele ya yake. Wojcik alikuwa mzungu mpana, mwekundu, ndevu za njano, hanijui simjui.

"Wewe ni wa kanisa?" akaniuliza. "Kama ni maombi, yule mwingine alikuja jana."

"Mimi ni wa mfuko wa dhamana. Hela yako sina."

"Hakuna aliye nayo. Umekuja kuniambia hilo tu?"

"Kuna mtu ana kesi Jumanne. Akifika, na kesi ikiisha, hela iliyomtoa yeye inakutoa wewe, siku mbili tatu baadaye. Asipofika, hakuna kitu. Kesi ikiahirishwa, hakuna kitu."

Nyuma yake mtu alikuwa anapiga kelele kuhusu simu.

"Wananitaka nikiri Jumatatu," akasema. "Nikikiri natoka palepale."

"Najua. Siwezi kukwambia ufanye nini."

"Mimi sikumpiga yule mtu. Alianguka mwenyewe kwenye ngazi."

"Sijakuuliza."

Akasugua uso kwa viganja vyote viwili. "Huyo wa Jumanne. Anaaminika?"

Nikamfikiria Rayford Oakes. Nikakumbuka nisiongeze chumvi.

"Simu hapokei. Mara ya mwisho alikuja amechelewa. Lakini najua anapoishi, na mimi nina gari la kuvuta."

Wojcik akatoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. "Kwa hiyo ni labda."

"Ni labda."

"Nusu kwa nusu?"

"Pungufu kidogo ya nusu."

Akaitazama skrini, sijui kama alikuwa anauona uso wangu vizuri. "Nitajaribu kungoja," akasema. "Sikuahidi."

"Mimi pia sikukuahidi."

Skrini ikazimika. Muda wetu ulikuwa umekwisha, au mashine yao imeharibika tena, sikuuliza. Nikatoka nje nikakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nikampigia Rayford Oakes. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata. Mgongo ulikuwa unaniuma na zamu yangu ilikuwa inaanza saa nane. Nikawasha gari, nikaelekea upande wa kwake.